Somo: Kufundisha kwa changamoto ili wanafunzi wafikiri wenyewe

Walimu wenzangu, habari za kazi. Njia hii ilianza kuandaliwa na kampuni ya Apple mwaka 2008, ingawa mizizi yake ni ya zamani: mwanaelimu wa Marekani William Kilpatrick aliandika kuhusu kufundisha kwa miradi mwaka 1918. Ina awamu tatu: kuhusika (hatua ya 1 na 2 hapa chini), kuchunguza (ya 3 na 4) na kutenda (ya 5). Wengi wetu tunakimbilia kutenda kwa sababu ndiko kunakoonekana, bango limebandikwa, wageni wamepiga makofi. Kwangu mimi fikra hujengwa kwenye uchunguzi, hasa kwenye maswali, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya 1. Chagua wazo kuu linalowagusa wanafunzi, tuseme maji. Wao watunge swali la msingi: "Shule yetu inapoteza maji wapi, na kwa nini?"

Hatua ya 2. Geuzeni swali liwe changamoto: "Tupunguze maji yanayopotea shuleni." Isiwe kubwa mno, wala isiwe na jibu lililokwisha andikwa kitabuni.

Hatua ya 3. Maswali elekezi. Tafadhali usiiruke hatua hii. Kabla mtu yeyote hajapendekeza suluhisho, kila kundi liandike yote linayohitaji kujua. Wataanza na mepesi: "Bomba lipi linavuja?" Andika ubaoni, kisha nyamaza. Ukimya huo unatesa, lakini usiujaze. Atatokea mmoja aulize, "Tutajuaje linavuja kiasi gani?" Swali hilo ni la daraja jingine, maana linadai njia ya kupima. Waweke chombo chini ya bomba kwa saa moja. Wakipata nusu lita, watapiga hesabu: lita 12 kwa siku. Sasa waulize wana uhakika gani na hiyo 12. Je, usiku bomba huvuja sawa na mchana, wakati msukumo wa maji hubadilika? Mwanafunzi anayeanza kuitilia shaka takwimu aliyoipata mwenyewe, huyo anafikiri kweli.

Hatua ya 4. Wagawane maswali: ya kusoma, ya kupima, ya kuuliza watu. Kila dai lije na ushahidi wake.

Hatua ya 5. Wachague suluhisho, walijaribu, kisha wapime tena kwa chombo kilekile na muda uleule. Tofauti isipoonekana, warudi kwenye maswali.

Na kila kipindi, si siku ya mwisho tu, waachie dakika chache waandike: nilidhani nini, na nini kimenibadilisha mawazo?

Maswali ya walimu

*Mwalimu, darasa langu ni kubwa sana. Nitawamudu vipi?*
Changamoto ibaki moja kwa darasa zima, ila kila kundi la watu wanne au watano lishike swali lake. Makundi yatahitajiana majibu, na hapo hata wewe utapumua.

*Mtihani unakaribia na mada hazijaisha. Muda natoa wapi?*
Anzia kwenye mada yenyewe. Vipimo, uwiano na wastani vyote vimo kwenye mfano wa bomba. Changamoto ndogo ya vipindi vitatu inatosha kuanzia.

*Suluhisho la kundi likishindikana, nawapa alama gani?*
Sahihisha safari ya kufikiri: ubora wa maswali, ushahidi, na maelezo ya kwa nini limeshindikana. Kundi lililoshindwa likaonyesha sababu kwa vipimo lipate zaidi ya lililofaulu bila kujua limefauluje.

*Wakikwama kabisa, niwape jibu?*
Hapana, wape swali dogo zaidi: "Mpaka sasa mna uhakika na nini?" Lakini kama kinachowakwamisha ni ujuzi, kwa mfano hawajui kukokotoa wastani, wafundishe palepale. Hicho ni kitendea kazi, na kukitoa ni wajibu wako.