Kabla ya mtihani wa leseni ya udaktari: sayansi za msingi usizipitie juu juu

Watu wengi wakisikia mtihani wa leseni wanakimbilia magonjwa na matibabu, sayansi za msingi wanaziacha mpaka wiki ya mwisho kwa sababu walizisoma zamani na wanaamini bado zimo kichwani. Hapo ndo wanapopotezea maksi, maana swali linaweza kukupa mgonjwa mzima na vipimo vyake halafu likakuuliza tu ni enzaimu gani imezuiwa au neva gani imeumia.

Kwa hiyo kabla hujafungua notsi, chukua karatasi tupu uandike namba unazotakiwa kuzijua bila kuangalia: sodiamu 135 hadi 145, potasiamu 3.5 hadi 5, bikaboneti 22 hadi 26, pH ya damu ya ateri 7.35 hadi 7.45, presha ya kabondayoksaidi 35 hadi 45. Maabara zinapishana kidogo na mitihani mingine inakupa jedwali la viwango, sawa, ila ukilirudia kila swali muda unakuishia.

Halafu hakikisha unaweza kuzitumia. Mfano mgonjwa ana pH 7.26, kabondayoksaidi 25, bikaboneti 11, sodiamu 138, kloraidi 100. Damu ina asidi, bikaboneti iko chini, so tatizo ni la kimetaboliki. Sasa angalia kama mapafu yanafidia inavyotakiwa: bikaboneti mara 1.5 jumlisha 8 unapata kama 24.5, hiyo ndo kabondayoksaidi unayoitegemea, yeye yuko 25, basi yanafidia vizuri na hakuna tatizo la pili la upumuaji. Toa kloraidi na bikaboneti kwenye sodiamu upate pengo la anioni, inabaki 27 wakati kawaida ni kama 8 hadi 12, kwa hiyo unawaza ketoni za kisukari, laktiki asidi, figo kufeli, sumu kama methanoli, huwazi kuhara, kwa sababu kuhara kunapoteza bikaboneti lakini kloraidi inapanda na pengo linabaki kawaida. Ukiweza kumwelezea mwenzako hii hatua kwa hatua bila notsi, umeiva.

Kitu kingine, kila fakti iwe na "kwa nini" yake, hasa famakolojia, yaani sayansi ya dawa. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inazuia vitamini K isirudishwe kwenye hali ya kutumika, kwa hiyo faktari za kugandisha damu 2, 7, 9 na 10 zinashuka, lakini protini C na S, ambazo zenyewe zinazuia damu kuganda, nazo zinashuka, na protini C inaisha haraka, ndo maana siku za mwanzo damu inaweza kuelekea kuganda na mgonjwa mwenye bonge la damu anaanzishiwa pamoja na heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Potasiamu ikipanda ikaharibu ECG (kipimo cha umeme wa moyo) unatoa kalsiamu kulinda moyo, haishushi potasiamu hata kidogo, insulini na glukosi ndo zinaisukuma iingie kwenye seli. Mtu aliyekariri tu "kalsiamu" atanaswa na swali linalouliza ipi inashusha.

Anatomia usijaribu kuisoma yote, chukua majeraha yanayojirudia: mfupa wa mkono wa juu ukivunjika katikati, neva ya radiali, kiganja kinaning'inia. Shingo ya fibula, neva ya peroniali, mguu unaburuta. Mikrobiolojia tengeneza jedwali moja la bakteria kwa rangi ya Gramu na umbo, inatosha kuanzia.

Kusoma notsi mara tano kunakupa raha tu kwamba unajua. Fanya maswali kwa muda uliopangwa, na lile ulilokosa lirudie baada ya siku mbili tatu, kisha wiki, na uandike kwa nini yale majibu mengine siyo, hiyo sehemu ina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Mapema kabisa angalia jina kwenye kitambulisho lifanane na la usajili, jua kituo kilipo na saa ya kuripoti. Usiku wa mwisho pitia ile karatasi yako ya namba mara moja halafu lala, usikeshe, maana kukesha kunaharibu hata kile unachokijua vizuri.