Somo: Nafasi kitaluni na ugonjwa wa kinyausi

Ndugu wakulima, masika yanakaribia na hapa Tanga wengi tutasia nyanya, pilipili na bilinganya. Naomba tuzungumzie nafasi kati ya mche na mche, maana ndiyo inayoamua kama kinyausi, ugonjwa unaoozesha shingo za miche michanga ikaanguka, kitaondoka na miche kumi au na tuta zima.

Vuli iliyopita, huku Muheza, tuta langu la nyanya nililigawa: nusu nilirusha mbegu, nusu nikasia kwa mistari. Miche ilipoota, upande wa kurusha ukatoa pengo la ukubwa wa kisahani. Siku nne baadaye lilikuwa sinia. Niliinama nikashika mche mmoja: majani bado mabichi, lakini shingo, pale inapogusa udongo, imesinyaa, nyeusi, laini kama uzi uliolowa. Upande wa mistari ilianguka michache tu, ugonjwa ukakomea kwenye mwanya.

Vimelea vya kinyausi hukaa udongoni. Rhizoctonia hutambaa kwa nyuzi zake, Pythium hutoa vijimbegu vinavyoogelea kwenye maji. Miche ikibanana, udongo haukauki na safari ni fupi. Mwaka 1975 watafiti Burdon na Chilvers walilipima hili kwa Pythium: kadiri miche ilivyosongamana, ndivyo ugonjwa ulivyosambaa kwa kasi.

Hatua:

1. Inua tuta, upana mita 1, maji yasituame.
2. Chora mistari ya kukata tuta, sentimita 15 kati ya mstari na mstari, kina sentimita 1.
3. Dondosha mbegu moja moja. Hapa usiharakishe! Mbegu ndogo changanya na mchanga mkavu zisirundikane.
4. Kama ulifunika tuta kwa matandazo, yaondoe mbegu zikianza kuota.
5. Miche ikisimama, punguza ibaki sentimita 3 hivi kati ya mche na mche. Kata kwa mkasi. Ukiing'oa unajeruhi mizizi ya jirani.
6. Mwagilia asubuhi, jioni udongo wa juu uwe umekauka.

Maswali ya wanachama

*Pangani: Shikamoo mama. Mimi nimesharusha mbegu na pengo limeanza. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Toa iliyoanguka, pamoja na ile inayoonekana mizima kwa upana wa kiganja kuzunguka pengo, na udongo wake, ukaitupe mbali. Iliyobaki ipunguze leo hii, na maji ya jioni uache.

*Korogwe: Nafasi hiyo si itakula eneo, dada?*

Hesabu, kaka. Tuta la mita 5 lina mistari 33, kila mstari miche 33 hivi. Hiyo ni zaidi ya miche 1,000, na kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50 inajaza karibu mita za mraba 400 shambani.

*Lushoto: Mbegu zangu huoza kabla ya kuchomoza. Nafasi itasaidia?*

Hapana. Nafasi huzuia kusambaa, haiui kilichomo udongoni. Wewe hamisha kitalu, pahali pasipolimwa nyanya wala jamii yake.