Kabla hujalipa ada ya chuo India

Jamani, ukitafuta chuo India usiishie kwenye jina zuri na ada nafuu. Vyuo vikuu kule vimepita elfu moja, na ubora wake unapishana mno. Anza na orodha ya UGC, tume inayosimamia vyuo vikuu. Tume hiyohiyo hutangaza pia orodha ya vyuo feki, kwa hiyo pitia zote mbili.

Halafu tazama daraja la NAAC, chombo kinachopima ubora wa vyuo India; la juu kabisa ni A++. Hapa ndipo mawakala wanapowaingiza watu mjini: daraja la chuo kikuu mama si daraja la chuo kishiriki kilicho chini yake! Omba cheti chenye jina la chuo utakachosoma wewe, na angalia tarehe ya mwisho, maana daraja huisha muda.

NIRF, orodha ya ubora ya serikali, hutolewa tangu 2016. Soma ya fani yako, uachane na ya jumla.

Kuhusu pesa, dai mchanganuo wa rupia wa miaka yote: ada, hosteli, chakula, mitihani. Vyuo vingi huwatoza wageni zaidi ya wenyeji. Na kabla ya kumlipa wakala hata senti, jaribu ufadhili wa ICCR wa serikali ya India. Unaomba mwenyewe mtandaoni, na ufadhili huo hulipa ada yako na kukupa posho. Watanzania, ulizeni TCU mapema kama shahada hiyo itatambuliwa nyumbani.