Kabla ya Kuacha, Uandae Usiku

Ukizungumza na watu walioacha waragi (pombe kali), mairungi (miraa), bangi au heroini hapa Uganda, wengi watakuambia kwamba mchana waliumudu. Mchana kuna kazi na kuna watu. Kilichowarudisha kwa muuzaji ni saa nane za usiku, macho makavu, mwili unauma, na wazo moja tu kichwani: nikipata kidogo nitalala. Ndiyo maana namwomba kila anayejiandaa kuacha, pamoja na mama au ndugu anayemsindikiza, aanze maandalizi kwa usiku. Usingizi usiotegemea kilevi hurudi, ila hauji wenyewe siku ile unapoacha.

Usalama unatangulia, na hilo halina mjadala. Jua unaacha nini. Mtu anayekunywa waragi kila siku, hasa yule anayeamka mikono ikitetemeka mpaka apate glasi ya kwanza, asiache ghafla akiwa peke yake chumbani. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe hutaharuki pombe inapokatwa. Mtu hutoka jasho na kutetemeka, na wengine hupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, na asipotibiwa anaweza kufa. Familia nyingi zikiona hayo hudhani ni mashetani, au ni kukosa usingizi tu. Valium na dawa nyingine za kutuliza za jamii yake ni vivyo hivyo: hupunguzwa kidogo kidogo chini ya daktari, kwa wiki au hata miezi. Basi kabla ya kuacha, fika Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, kama uko Kampala, au uulize kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Kwa heroini, arosto yenyewe, yaani maumivu ya kuikosa, kwa kawaida haiui, ila baada ya siku chache mwili husahau kipimo cha zamani. Anayerudi "usiku huu tu, nilale" na kutumia kile alichozoea anaweza kuacha kupumua akiwa usingizini.

Jambo jingine ni kujua usingizi wako utapita njia gani, maana anayejua hatishiki sana. Aliyekuwa akivuta bangi kila siku huanza kukosa usingizi ndani ya siku chache, na ndoto humjia kali, nyingine jinamizi tupu, pengine kwa mwezi na zaidi. Bangi hubana ile sehemu ya usingizi yenye ndoto. Ikiondoka, ndoto hurudi kwa wingi. Aliyeacha mairungi anaweza kulala fofofo siku za mwanzo na kuamka na huzuni. Pombe ndiyo yenye njia ndefu: inakulaza haraka lakini inauvunja usingizi wa alfajiri, na hata ukishaiacha usingizi unaweza kubaki mwepesi kwa miezi. Mweleze mkeo au mumeo haya mapema, ili ukipiga kelele ndotoni asidhani umerudia.

Nikae kidogo kwa wanaotumia mairungi na waragi pamoja, kwa sababu kule mipakani, Malaba, Busia na Elegu, wako wengi. Dereva wa lori au mtu wa boda wa usiku anatafuna mairungi asisinzie. Saa kumi alfajiri kazi imekwisha, lakini moyo bado unamwenda mbio, basi anashushia na waragi ili alale. Anaamka saa sita mchana kichwa kizito, anatafuta majani tena. Kwa hesabu yake ana tatizo moja tu, pombe. Akiacha pombe akabaki na majani, hatalala, na wiki haiishi kabla hajairudia chupa. Viwili hivyo viachwe pamoja, na mara nyingi maana yake ni kuzungumza na mwenyekiti wa steji kuhusu kuhamia kazi ya mchana, hata kama mapato yatashuka kwa miezi kadhaa. Kwa mwenye mkopo wa pikipiki huo ni ushauri mzito, lakini sioni njia ya kuukwepa.

Baada ya usalama, ninachokisisitiza kuliko yote ni saa ya kuamka. Watu hupanga saa ya kulala, na hiyo haiko mikononi mwao. Chagua saa moja ya kuamka, tuseme saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uishike kila siku hata kama usingizi ulikuja saa tisa. Sisi wa karibu na ikweta tuna bahati: Kampala jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima. Toka nje, fagia uwanja, chota maji. Mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha saa ya mwili. Mchana usilale, ukishindwa kabisa, dakika ishirini zinatosha, na iwe kabla ya saa tisa.

Halafu usiende kitandani saa mbili usiku kuukimbiza usingizi. Nenda ukisinzia. Ukigaagaa kama dakika ishirini, kwa kukadiria na bila kutazama simu, inuka ukae pengine kwenye mwanga hafifu, urudi usingizi ukija. Kanuni hii aliiandika mwanasaikolojia wa Marekani Richard Bootzin mwaka 1972, na leo ni sehemu ya tiba ambayo chama kikubwa cha madaktari wa magonjwa ya ndani nchini Marekani kilipendekeza mwaka 2016 itangulie vidonge. Anayekesha kitandani kila usiku huuzoesha mwili kwamba kitanda ni mahali pa kukesha.

Sasa hiyo "pengine" ni wapi, kama familia nzima mnalala kwenye muzigo mmoja, yaani chumba kimoja cha kupanga? Ipangwe mchana. Mkeka karibu na mlango, kigoda, shuka la kujifunika, maji ya kunywa, tasbihi kwa mwenye nayo. Watoto wasiamshwe na taa. Neti ifungwe mapema. Kama ng'ambo ya ukuta ni baa, hamisha kitanda upande wa pili, na kama dada au shangazi anaweza kukupokea mwezi wa kwanza, nenda. Chumba nacho kikaguliwe na mtu mwingine, si wewe: chupa nyuma ya jerikeni, kete kwenye mfuko wa koti la zamani. Aliye macho usiku wa manane hukumbuka vitu hivyo vyote.

Kahawa, chai nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie adhuhuri, kwani hata saa tano baadaye karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Sigara pia huamsha.

Duka la dawa liogope. Atatokea wa kukuambia umeze Piriton mbili, au wa kukufungia Valium kwenye karatasi bila cheti. Kataa. Lakini mwambie waziwazi kila daktari au nesi kwamba unaacha, na unaacha nini, kabla hajakuandikia chochote cha usingizi. Zipo dawa ambazo daktari anayeijua historia yako anaweza kukupa kwa muda, na kuzimeza kama alivyoandika si kushindwa.

Kuna pia mtu wa saa nane. Mtafute sasa: mwenzako aliyekutangulia kuacha, imamu, mzee wa kanisa. Umuulize wazi, "Nikikupigia usiku wa manane, utapokea?" Kubalianeni kwamba hatakuhubiria, atakaa tu nawe kwenye simu mpaka wimbi lipite. Ikija degedege, kuchanganyikiwa au mawazo ya kujiua, simu hiyo haitoshi. Ni hospitali usiku uleule. Mwenye boda wa kukubeba ajulikane tangu leo, na nauli yake ihifadhiwe na mkeo au jirani, isiwe mfukoni mwako.