SOMO: Kumkinga mbwa mdogo anayenyonyesha asipungukiwe kalsiamu

Mbwa wa aina ndogo, kama Chihuahua na Maltese, akizaa watoto wengi, maziwa huchota kalsiamu katika damu yake upesi kuliko mwili unavyoweza kuirudisha, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi katika wiki 4 za kwanza za kunyonyesha.

Hatua ya kwanza huanza angali na mimba: usimpe vidonge wala unga wa kalsiamu pasipo agizo la daktari wa mifugo. Shingoni mwake mna tezi ndogo ambazo huiamuru mifupa iachie kalsiamu inapopungua katika damu; ukimjazia madini hayo kila siku, tezi hizo huzembea, na maziwa yanapoanza kutoka kwa wingi hukuta bado hazijaamka.

Hatua ya pili ni chakula. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na ugali hauzibi pengo hilo. Chakula cha paketi cha watoto wa mbwa ndicho bora, ukikipata. Sisi wa Kigoma tuna dagaa, ambao huliwa pamoja na mifupa yao. Uchanganye na nyama wale wasiotiwa chumvi, waliokaushwa juu ya vichanja, kwa kuwa wa mchangani hukwaruza meno hata ukiwaosha mara tatu. Anayenyonyesha agawiwe milo 3 au 4 kwa siku.

Hatua ya tatu ni kuzijua dalili. Mbwa wangu wa kilo 3, mwenye watoto 5, aliniamsha saa nane za usiku akihema kama aliyekimbizwa juani. Alikuwa amewaacha watoto, akisugua uso sakafuni, na aliposimama miguu ilikakamaa kama ya stuli. Nilipomwekea kiganja ubavuni nilihisi misuli ikirukaruka chini ya ngozi. Ukichelewa hapo, hufuata degedege, na joto la mwili hupita nyuzi 40.

Hatua ya nne: watenge watoto, mpigie daktari, umpeleke papo hapo. Usimmiminie maziwa mdomoni, atapaliwa. Daktari humpa kalsiamu glukoneti mshipani polepole huku akisikiliza moyo, maana ikiingia kwa haraka inaweza kuusimamisha. Kwa hiyo dawa hiyo si ya kuchoma nyumbani, hata kama jirani anayo chupa. Watoto wakae mbali na mama kwa saa 24, wakinyweshwa maziwa mbadala ya watoto wa mbwa. Waliokwisha kutimiza wiki 3 huanzishiwa uji wa chakula laini.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Je, maganda ya mayai yanafaa?

Marahaba, mwanangu. Yanafaa akishazaa, iwapo utayachemsha, ukayakausha na kuyasaga yawe laini kama sembe. Kijiko kimoja cha chai kina takribani miligramu 2,000 za kalsiamu, kiasi kikubwa kwa mbwa wa kilo 3, hivyo daktari akupimie kwa uzito wake.

Mwalimu, mtoto wangu wa mbwa ana miezi 3, hula nyama tu, na miguu imeanza kupinda.

Ndugu yangu, acha nyama tupu leo hii, na umpeleke apimwe mifupa kabla hujamnunulia dawa yoyote.

Aliyepatwa mara moja, atapatwa tena akizaa?

Uwezekano ni mkubwa. Wangu nilimpeleka akatolewa kizazi.