Kabla ya kuchora, wanafunzi wapime paa

Ukifundisha ubunifu endelevu wa majengo hapa Mombasa, usianze na slaidi. Anza na maboksi matatu ya kadibodi, sentimita 40 kila upande. La kwanza liezekwe makuti, la pili bati tupu, la tatu bati lenye dari ya kadibodi sentimita 5 chini yake, pengo likiachwa wazi pande mbili. Ning'iniza kipimajoto katikati ya kila boksi, kisomwe kila nusu saa, saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri.

Kipimajoto kikigusa ukuta au kikipigwa na jua, hakipimi hewa tena. Maboksi yakae juu ya matofali, kwani sakafu ya saruji iliyopata jua huyapasha kutoka chini.

Sehemu tamu ni upepo. Toboa tundu moja tu upande unakotoka kusi (au kaskazi, kulingana na msimu), weka chetezo cha ubani mbele yake, mbali kidogo na kadibodi. Moshi unasitasita, hauna pa kutokea. Toboa la pili ukuta wa mkabala, juu kidogo: unapita. Dirisha moja, hata liwe kubwa, halitoshi.