Kabla ya kununua mbegu: bustani ya mboga kwenye udongo wa kichanga

Wengi huanza na mbegu. Kwenye kichanga, mbegu ziwe kitu cha mwisho kuingia nyumbani.

Mchanga wenyewe si adui. Unalimika kwa jembe jepesi, mizizi inapenya bila shida na maji hayatuami. Kasoro yake ni kwamba hautunzi kitu: maji yanashuka haraka, na yakishuka yanaondoka na naitrojeni. Ni sawa na kutia nafaka kwenye gunia lililotoboka, kwa hiyo maandalizi yote ni kazi ya kuziba tundu.

Pima kwanza. Chota udongo wenye unyevunyevu, ufinye kiganjani, kisha fungua mkono. Ukiporomoka papo hapo, ni mchanga mtupu. Ukishika umbo mpaka uuguse ndipo uvunjike, kuna tope ndani yake na kazi yako itakuwa nyepesi. Ukitaka uhakika zaidi, jaza theluthi ya chupa ya kioo kwa udongo, ongeza maji, tikisa sana, kisha iache itulie. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, ilhali udongo wa mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima au zaidi.

Halafu hesabu maji, maana hapa ndipo bustani nyingi hufia. Kadirio la kawaida ni lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, na jua likiwa kali huongezeka. Tuta la mita 1 kwa 3 linataka lita 75, yaani ndoo 4 za lita 20 kasoro kidogo, nazo zigawanywe kidogo kidogo siku mbalimbali kwa sababu mchanga hauwezi kuzihifadhi kwa pamoja. Jiulize nani atazibeba ndoo hizo wiki ya sita, hamu ikishapoa. Kama maji yako ni ya kisima, yaonje. Yenye chumvi huunguza mboga taratibu. Maji ya kusuuzia nguo yanafaa ikiwa hayana dawa ya kung'arisha.

Sasa mboji, ambayo ndiyo bustani yenyewe. Ili kuchanganya tabaka la sentimita 8 kwenye tuta lile la mita 1 kwa 3, unahitaji lita 240, ndoo 12 zilizojaa. Na lundo la taka za jikoni, majani makavu na nyasi hunywea hadi nusu au zaidi likioza, kwa hiyo kusanya zaidi ya ndoo 24 za vitu vibichi. Hata kwenye joto, kuoza huchukua miezi kadhaa. Ndiyo maana nasema lundo lianze leo, mbegu baadaye. Haikugharimu pesa, inakugharimu subira tu.

Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza miche na inaweza kuwa na vijidudu. Iozeshe kwanza. Ikibidi kuitumia ikiwa mbichi, zipite siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusa udongo. Tena kuna viuagugu ambavyo mnyama akila nyasi zilizopuliziwa, hupita tumboni na kutoka na kinyesi vikiwa bado na nguvu. Chanzo usichokijua kijaribu: panda maharage machache kwenye kopo lenye udongo na samadi hiyo. Majani yakijikunja, irudishe ulikoitoa.

Kosa langu mwaka wa kwanza lilikuwa umbo la tuta. Nilinyanyua matuta marefu mazuri ya kupigia picha, na kila nilipomwagilia, maji yalitiririka pembeni na kingo zikabomoka. Kwenye mchanga na mahali pakavu, fanya kinyume: chimba tuta la mbonyeo, sentimita 10 hivi chini ya usawa wa ardhi, kisha tandaza nyasi kavu juu bila kugusa mashina. Matuta ya mwinuko yaachie mahali panapotuama maji.

Kabla ya kuamua utapanda nini, ng'oa magugu yaliyopo utazame mizizi. Minyoo fundo, yaani minyoo midogo mno inayovimbisha mizizi, hupenda kichanga, na nyanya, bamia na bilinganya ndizo huumia sana. Vinundu vyenye faida vya kunde hubanduka kwa ukucha. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe umefura, haubanduki. Ukiuona, usianze na nyanya. Karoti hufurahia kichanga kisicho na minyoo hiyo, mradi huna haraka nazo na hujazipandia kwenye samadi mbichi.

Siku moja kabla ya kusia, mwagilia tuta, subiri nusu saa, kisha chomeka kidole. Mchanga uliokauka sana hukataa maji, na unaweza kukuta juu pamelowa huku chini pakavu kama unga. Mwagilia tena polepole. Kesho yake ukichomeka kidole ukakuta pamekauka tena, mbegu zisubiri: bado mboji.